Mawe Chini ya Bafa

Aliye juu usimngoje chini, atakuponda. Wengine wamefundishwa methali hiyo kwa kinyume chake, na huitamka kwa kijicho tajiri anapopita. Prudencia aliijua kwa namna yake tangu siku ya kwanza aliposhuka kwenye shimo la lifti, akiwa bado mwanafunzi wa stashahada. Mwalimu alimwonyesha lile tumbo la chuma lililoning'inia juu yao gizani, akamwambia: "Huyo akija, hana macho wala huruma. Ndiyo maana hapa chini pamewekwa kitu cha kumngoja kwa niaba yako."

Kitu hicho ni bafa. Ni bomba nene la chuma, limefungwa kwa boliti katikati ya sakafu ya shimo, limejaa oili, na juu yake imechomoza pistoni. Alhamisi ile, Prudencia alipomulika tochi chini ya Rwehumbiza Plaza, jengo la ghorofa sita la mjomba wake pale Igogo, bafa haikuwa mahali pake. Ilikuwa imepandishwa juu ya mawe.

Yalikuwa mawe ya kijivu ya Mwanza hii hii, yamepangwa kama mafiga ya jiko la msibani, juu yake kipande cha ubao, na juu ya ubao bafa, bila boliti hata moja. Ilisimama pale kama jogoo juu ya jaa.

"Nkwabi!"

Kichwa cha Nkwabi kilichungulia kutoka mlangoni. Ndiye aliyekuwa mwangalizi wa jengo, mtu wa makamo mwenye kifua kipana na mdomo mpana zaidi.

"Naam, injinia." Alilitamka neno injinia kama mtu anayetema kokwa la chungwa.

"Nani kaweka mawe huku?"

"Mimi. Kuna mwingine mwenye mikono humu ndani?"

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa wapi ziwa lilipopanda? Ulikuwa Geita kwenye mgodi, unakula kwa kijiko. Maji yalijaa humo shimoni mpaka magotini. Sisi watu wa huku chini, maji yakiingia ndani tunainua kitanda, tunainua kabati, tunainua na friji. Nikainua na hiyo shokapu yako isioze. Au ulitaka niifundishe kuogelea?"

Prudencia hakucheka. Aliufuata waya kwa tochi. Kila bafa ina swichi yake ndogo: pistoni ikiwa imebonyea, swichi hukata umeme, lifti isitembee mpaka pistoni isimame tena wima. Hapa waya zilikuwa zimenyofolewa kwenye swichi na kusokotwa pamoja, zikafungwa kwa kipande cha mfuko wa rambo.

"Na hii?"

"Lifti iligoma. Kila ikifika chini inazima. Nikaitoa ujeuri."

"Iligoma kwa sababu uliinua bafa, Nkwabi! Chumba cha lifti kikisimama ghorofa ya chini kinaikalia kichwani. Hawa watu wote wanaopanda na kushuka, chini yao bafa imeshabonyezwa nusu. Umewahi kumchoma ng'ombe sindano?"

"Kabla hujazaliwa."

"Ukiisukuma kwa pupa inafanyaje?"

"Inakataa," alisema Nkwabi.

"Ukienda taratibu?"

"Inakubali."

"Ndiyo hiyo sasa. Lifti ikipitiliza chini, inaikanyaga pistoni. Oili inabanwa, haina pa kukimbilia ila vitundu vidogo ubavuni. Pistoni inavyozama inaviziba vile vitundu kimoja baada ya kingine. Mwanzo lifti ina kasi, njia za oili ni nyingi. Mwisho kasi imekwisha, njia nazo zimekwisha. Inashikwa kwa nguvu ile ile toka juu mpaka chini, hairushwi, haigongi. Lakini inahitaji urefu wote wa pistoni, na inahitaji kusimama kwenye zege. Sindano uliyokwisha kuisukuma nusu utamchoma nayo ng'ombe gani? Na haya mawe yakiteleza, hilo bomba litalala upande au litatoboa sakafu ya lifti, liingie walipo watu."

"Mawe hayo yamekaa msimu mzima," Nkwabi alisema. "Wewe hujakaa hata siku moja."

Prudencia alipanda juu, akaenda chumba cha mitambo, akazima swichi kuu na kuitia kufuli. Ufunguo akautia mfukoni. Kabla hajashuka alikagua breki iliyo juu ya mashine, akakuta pedi zake zimelika mpaka chuma kinameta. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

Mjomba Rwehumbiza alikuwa ofisini kwake na mkewe, Mama Justa, aliyekuwa amezungukwa na marobota ya vitenge vya sare. Jumamosi ilikuwa sendofu, karamu ya kumuaga binti yao Justa, na ukumbi ulikuwa ghorofa ya sita.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema mjomba. "Nani kazima lifti?"

"Mimi."

"Washa."

"Siwashi, mjomba. Bafa iko juu ya mawe na breki haina pedi. Bafa nitaitengeneza kesho. Pedi nimeagiza sasa hivi kwa simu, zinatoka Dar kwa basi, Jumamosi jioni nitazipokea Nyegezi. Nikizifunga na kuijaribu, tutawasha."

"Jumamosi jioni!" Mama Justa alitupa kitenge. "Wakwe watoke Muleba mpaka hapa, halafu wapande ngazi kama pimbi kwenye majabali? Na Bibi je? Bibi ana miguu ya ghorofa sita?"

"Bibi abebwe kwenye kiti. Vijana wapo, wamekuja kula pilau ya bure. Wailipie kwa mabega."

"Mama mkwe wangu abebwe kama gunia la kahawa! Umesikia, Baba Justa? Umesikia mtoto uliyemlea?"

Mjomba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hasira yake ilikuwa ya kushusha sauti, na kadiri ilivyoshuka ndivyo watu wa nyumba yake walivyozidi kuogopa.

"Lifti hiyo ilishawahi kuanguka?"

"Haijawahi."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Mjomba, mkanda wa gari unaufunga siku ya kugonga?"

"Mimi sifungi mkanda."

Prudencia alimtazama. Huyu ndiye aliyemchukua kutoka kijijini Kamachumu akiwa mdogo, siku walipomzika mama yake, akampa kitanda, shule na jina la kujivunia. Nyumba yake ya Ilemela ndiyo nyumba pekee ambayo Prudencia angeweza kuiita kwetu. Mjomba naye alilijua hilo, na alilitumia jinsi mvuvi anavyoitumia nanga.

"Nisikilize vizuri," alisema kwa sauti iliyokaribia kunong'ona. "Nilikuita kutoka Geita ili lifti itembee, sikukuita uje uizime. Jumamosi wageni wangu wakipanda ngazi, Jumapili utafute kwenu."

"Na lifti ikiua mtu, mjomba, nitafute wapi?"

"Mdomo!" Mama Justa alifoka. "Mdomo huo ndio unaokukosesha mume."

"Afadhali unikoseshe mume kuliko kumkosesha Justa bibi yake," alisema Prudencia, akatoka.

Ijumaa alifanya kazi shimoni kutwa. Nkwabi alishuka kumsaidia kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kuliinua bomba lile, na walifanya kazi kama wake wenza wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Prudencia alivuta maji kwa pampu, akaziba ufa uliokuwa ukipenyeza maji ya ziwa, akayapiga mawe teke moja moja.

"Polepole," alisema Nkwabi. "Mawe hayo hayakukutukana."

"Yamenitukana mimi na wanafunzi wote wa darasa langu. Shika hapo."

Waliishusha bafa kwenye zege, wakaikaza boliti mpaka spana ikalia. Oili ilikuwa imechanganyika na maji, nyeupe kama maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Aliimwaga yote, akatia mpya mpaka kwenye alama. Kisha akapanda juu ya pistoni kwa miguu yote miwili, na Nkwabi naye akapanda. Ilizama chini yao pole pole, bila kishindo, na walipotoka ilipanda tena yenyewe mpaka mwisho.

Nkwabi aliitazama kwa muda. "Inapumua," alisema.

"Swichi," alisema Prudencia. "Nipe koleo."

Alizifungua waya zilizosokotwa, akazirudisha kwenye swichi yake. Kufuli la juu hakuligusa. Bafa ilikuwa nzima, lakini breki haikuwa nzima, na bafa haikuwekwa ili watu waitegemee kila siku kama mkeka. Alimwambia Nkwabi neno hilo, akalirudia, akamlazimisha yeye mwenyewe alitamke.

"Breki bado," Nkwabi alisema, kama mtoto anayelazimishwa kumeza dawa. "Nimesikia, injinia. Sina masikio ya kupanga."

Jumamosi jioni basi lilichelewa. Stendi ya Nyegezi ilijaa watu waliochoka na wapiga debe wasiochoka. Prudencia alisimama kwenye dirisha la vifurushi, simu yake ikiita, jina la Justa likitokea, na kila alipopokea hakusikia ila ngoma na vigelegele. Alipokabidhiwa boksi lake alipanda bodaboda. Njia nzima alimkaripia dereva aende mbio, kisha akamkaripia kwa kwenda mbio.

Alipoingia Rwehumbiza Plaza, taa ya lifti ilikuwa inawaka.

Nkwabi alikuwa amesimama kando ya mlango, amevaa suti ya kuazima. Miguuni pake kulikuwa na msumeno wa chuma na kufuli lililokatwa.

"Usinitazame hivyo," alisema upesi. "Bosi kasema kata. Mimi nina watoto. Na imetembea toka mchana, wakwe wote wamepanda, haijatokea kitu. Unaona? Maneno yako mengi na lifti inatembea."

"Nani yumo sasa?"

"Wanashuka kupokea zawadi za wakwe, wao wameshatangulia chini. Bibi, Justa, mama yake, mashangazi..."

"Wangapi, Nkwabi?"

"Wamejaa."

Kengele ya uzito ilikuwa imenyamazishwa zamani, kwa kuwa ilipiga kelele. Prudencia hakuwa na la kufanya. Swichi kuu ilikuwa juu ghorofani, naye alikuwa chini na boksi la pedi mkononi. Alitazama namba zikishuka juu ya mlango: nne, tatu, mbili. Alisikia wimbo wa mashangazi ukishuka nazo, ukikua, ukikaribia. Moja. Kisha namba ya chini ikawaka, na kule juu kabisa akasikia breki ikijaribu kushika.

Haikushika. Ililia kama kisu kwenye sahani. Wimbo wa mashangazi ulipita mbele yake nyuma ya mlango, ukashuka kuliko ulivyopaswa kushuka, na ukageuka kuwa yowe.

Prudencia alisubiri kishindo, na hakikuja. Kilichokuja ni pumzi ndefu nzito, kama ya fahali anayejilaza baada ya kulima kutwa. Pumzi hiyo ilivutwa, ikavutwa, ikaisha. Kisha kimya. Swichi ndogo ya bafa ilikuwa imekata umeme. Lifti ikatulia pale pale.

Waliufungua mlango kwa ufunguo wa dharura. Sakafu ya chumba ilikuwa chini ya sakafu ya mapokezi kwa kimo cha goti. Ndani, Bibi Bernadetta alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake, mkoba wake ameushika kwa mikono miwili, kilemba chake hakijasogea. Mashangazi walikuwa wamekumbatiana. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilikuwa kimepinduka, na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi waliyokuwa wakiwapelekea wakwe, kilikuwa kimemponyoka mmoja wao na kuligeuza gauni jeupe la Justa kuwa la kahawia kuanzia kifuani mpaka miguuni.

Hakuna aliyevunjika. Hakuna aliyechubuka. Prudencia aliwahesabu kwa macho mara mbili, akampa Bibi mkono ili apande.

Bibi alipanda. Nyuma yake alipanda Mama Justa, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kukanyaga sakafu ya mapokezi ni kumzaba Prudencia kofi.

"Umeiharibu!" alipiga kelele, wakwe wakisikia. "Ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa! Ulitaka tusherehekee au ulitaka tufe?"

Nkwabi aliokota kufuli lililokatwa, akalitia mfukoni mwa suti ya watu.

Jumapili, baada ya misa, kikao kilikaa sebuleni Ilemela. Mjomba alikaa kwenye kochi lake, Mama Justa ubavuni pake, Bibi kwenye kiti cha mgongo mrefu. Nkwabi aliitwa kama shahidi, akakalia ncha ya stuli. Justa hakuja, alikuwa chumbani analia juu ya gauni.

Prudencia aliingia, akapiga magoti mbele ya Bibi jinsi alivyofundishwa na Bibi huyo huyo, akamwamkia. Bibi aliitika bila kumtazama.

"Maneno ni mafupi," alisema mjomba kwa sauti ile ya chini. "Lifti imetembea miaka yote haikuanguka. Umeshuka shimoni Ijumaa, Jumamosi imeanguka na mama yangu ndani, mbele ya wakwe. Nkwabi, ilishawahi kuanguka kabla?"

"Haijawahi, bosi."

"Mawe yako yaliwahi kuleta shida?"

"Hayajawahi, bosi."

"Nkwabi," alisema Prudencia, "mimi nina swali moja. Jana, kama ile bafa ingekuwa juu ya mawe yako, mawe yangeishika lifti?"

"Mungu anajua."

"Mungu hakuyapanga. Uliyapanga wewe."

Nkwabi alimtazama bosi wake. Alianza kujisugua vidole kana kwamba bado vina vumbi la mawe.

"Jibu. Siku ile ulikuwa na mdomo."

"Yangeteleza," Nkwabi alisema kwa hasira, kama mtu aliyenyang'anywa neno. "Haya. Yangeteleza! Umefurahi? Lakini mimi nimesema tu, sijui kitu, mimi si injinia."

"Huyo naye kalishwa maneno," alisema Mama Justa.

Mjomba aliinua mkono. "Sikukiita kikao hiki kufundishwa lifti. Nimekiita ili nyumba itulie. Utaomba radhi kwa Bibi. Halafu jioni tutakwenda pamoja kwa wakwe, utaomba radhi mbele yao, uwaambie ni kazi yako iliyoharibika. Kesho Nkwabi atarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na tutasahau. Ukikataa, begi lako liko koridoni. Mama Justa ameshalifunga."

Lilikuwa pale kweli. Prudencia aliliona tangu alipoingia.

"Kama kilivyokuwa," alirudia. "Pamoja na mawe?"

"Pamoja na mawe. Hayakutudhuru."

Hapo Bibi alizungumza. Hakuwa na sauti ya upole. Alikuwa amechoka, amefedheheshwa, na miguu ilimuuma.

"Omba radhi, tumalize. Kwani lazima uwe na kosa? Mimi ujanani nimeomba radhi kwa mambo yasiyonihusu. Nimeomba radhi hata kwa mvua kuchelewa. Haikunipunguzia kitu."

"Mvua haikukusikia, Bibi. Hawa wananisikia. Nikisema nimekosa, kesho mawe yanarudi chini, na siku nyingine breki ikilia kutakuwa na mtu juu yake. Labda wewe tena."

"Unanitabiria kifo?"

"Ninakueleza ulichokalia jana. Ulishuka na watu waliojaa mpaka mlangoni, breki imekufa, na kilemba chako hakikusogea. Hakukuwa na muujiza wowote. Ni oili iliyopita kwenye vitundu, ni boliti nilizozikaza, na ni huyu Nkwabi aliyenishikia spana huku akinisimanga. Mnasema lifti imeanguka. Haikuanguka. Ilipokelewa."

"Mjeuri," alisema Bibi, na safari hii alimtazama usoni. "Mama yako hakuwa hivi."

Neno hilo lilimwingia kuliko kofi. Prudencia alisimama kutoka magotini, magoti yakiwa na alama za mkeka. Alilichukua boksi la pedi alilokuja nalo, akaliweka juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyevigusa. Ufunguo wa kufuli lililokatwa akauweka juu yake.

"Pedi ni hizi. Fundi yeyote mwenye akili anajua kuzifunga. Asiyejua asiruhusiwe kupanda kwenye mashine."

"Sikukuuliza habari za pedi," mjomba alisema. Sauti yake sasa ilikuwa chini kabisa. "Nimekwambia uombe radhi."

"Nimekusikia, mjomba. Ulinilea, na kwa hilo nakushukuru mbele ya hawa wote. Bibi, magoti nilikupigia ya kukuamkia, na nikirudi nitakupigia tena. Mama Justa, kofi lako nimelipokea, nitakaa nalo. Nkwabi, ukiyarudisha yale mawe, kila mtu Igogo nitamwambia ni mikono ya nani iliyoyapanga."

Alikwenda koridoni, akanyanyua begi.

"Prudencia!" mjomba aliita, na kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Omba radhi!"

"Siombi," alisema.